Mama Karudi Katikati ya Kitabu

Dada yangu wa pekee huko uliko,

Mdogo wako niliyeacha shule darasa la sita, leo natengeneza vitabu. Cheka umalize, nakusubiri. Kiwandani kwetu hakuna anayekunja karatasi kunishinda. Fundi mkuu anajua, ila wivu humziba mdomo.

Mwezi huu tumechapa kitabu cha watoto, wala hamna sungura wala mfalme. Kuna mtoto anayetembelea magongo na bado anacheza mpira, na kuna binti ambaye mama yake ameenda mbali kulea watoto wa watu. Mama anaondoka mwanzoni, anarudi mwishoni. Nikamchukulia mwanao uliyeniachia karatasi zilizokataliwa, nikamshonea kitabu mwenyewe kwa mbwembwe zote.

Nikakosea kukunja. Mimi, bingwa! Mama akawa anarudi katikati ya kitabu, halafu ndiyo anaondoka.

"Lete nikirekebishe," nikamwambia.

"Mjomba, usikiguse!" Akakikalia.

Sasa kila jioni ananisomea. Akifika pale mama anaposhuka na sanduku, anakifunga. "Kimeisha." Kurasa za nyuma amezibandika kwa gundi yangu.

Jana kaniuliza, "Mjomba, nyinyi mkichapa kwamba mama karudi, anarudi kweli?"

Dada, unajua mdomo wangu. Safari hii nikajifanya natafuta sindano.

Huu mwaka wa tatu tangu uondoke. Jibu lake usilitume kwa barua. Shuka nalo, wewe na sanduku lako.

Ni mimi, bingwa wako aliyeharibu kazi.