Kinu Chini ya Pijo

Shikamoo Bi Zamoyoni, mshauri wetu mpendwa, naomba unisaidie kwa sababu usingizi umenikimbia na nikimsikia tu mume wangu akichakura spana natoka mbio uani kumwangalia. Baba Ignas ana pikapu ya Pijo ambayo ndiyo inayotulisha, na kwa kuwa spea ni za shida na fundi aliwahi kumrudishia gari likiwa limepungua vitu, ameapa hakuna mkono mwingine utakaoligusa, anatengeneza mwenyewe kwa spana chache, bisibisi iliyopinda, nyundo na jeki, basi, na jeki hiyo anaisimamisha juu ya mchanga wa uani, halafu anachukua kinu changu cha kutwangia, anakigeuza mdomo chini, anakiweka chini ya chesisi ya gari, kisha anajilaza chali anaingia.

Juzi nilikwenda kisimani, mama yangu mzazi aliyekuja kututembelea kutoka Kishapu akabaki nyumbani, kinu kikapasuka, jeki ikalala, gari likambana Baba Ignas bega, akaanza kumlilia mama, "Mayu, njoo! Mayu, nakufa!" Sasa wewe unajua kwetu Wasukuma mkwe na mama mkwe hawasogeleani, tena mume wangu alikuwa kifua wazi, mama alipochungulia akajifunika khanga usoni akarudi ndani, akakaa anamwomba Mungu nirudi upesi. Nilimkuta Baba Ignas pumzi inakatika, nikatupa ndoo, nikachukua jembe, nikachimba mchanga chini ya bega lake mpaka nikaweza kumvuta kwa miguu.

Sasa hasemi na mama, mama analia anataka kurudi Kishapu, na yeye hata bega halijapona anasema Jumamosi anashusha giaboksi, na ameshaniagiza nikaazime kinu cha jirani. Nimefikiri niifiche jeki ghalani lakini naogopa atasema nimeungana na mama kumkomoa. Nifanyeje, dada yangu? Sitaki kuwa mjane.

Epifania, Nyasubi, Kahama

Marahaba, Epifania. Pole sana, na hongera kwa hilo jembe. Lakini nikuulize, kinu ni cha nani? Unampa mwenyewe, halafu unakwenda kisimani unatetemeka! Cha jirani usikiazime.

Jeki usiifiche. Mwanamume aliyekwisha kuapa atalinyanyua gari kwa gogo na nguvu za walevi, na hapo mtaokota maiti. Mwambie hivi: vifaa anavyojivunia havijatosha. Spana hufungua nati tu, hailizuii gari lisishuke. Akate magogo manne ya mti mgumu, mafupi na mapana, yaliyo sawa juu na chini, ayaweke chini ya chesisi. Jeki aikalishe juu ya ubao mnene. Magurudumu yanayobaki chini ayazuie kwa mawe, na tairi la akiba alilaze chini ya gari, ubavuni mwake. Kisha alisukume gari akiwa nje. Likitikisika, haingii mtu. Na kama spana zake ni za inchi, aachane nazo, Pijo ni ya milimita. Zitakula kona za nati, naye atavuta kwa hasira mpaka gari liyumbe. Giaboksi ni nzito, asiiguse bila mtu mzima wa kuipokea naye.

Mama yako asiondoke. Aliona haya, hakumtakia mabaya, na Baba Ignas analijua hilo hata akinuna. Lakini naye mwambie waziwazi kwamba angeweza kukaa humo humo ndani, na khanga yake usoni, akapiga mwano mtaa mzima ukatoka mbio. Yowe halivunji heshima ya mkwe.

Jumamosi usitoke nyumbani. Ukimwona anajilaza bila magogo, usigombe. Muulize kwa upole, lakini kwa sauti ambayo mama yako ataisikia: "Baba Ignas, tukuzike hapa Nyasubi au tukupeleke kwenu Ushirombo?" Kisha msubiri ajibu. Akiinuka kwenda kutafuta shoka la kukatia magogo, mpikie.