Tumbo Langu Lilivyocheza Garissa

Dada Nekesa,

Keti kwanza ndipo usome, maana mimi mwenyewe bado siamini. Joto la Garissa nimelizoea, lakini la jana sikulitarajia.

Mama Hodan, mwenye nyumba wangu, yule bibi asiyecheka na mtu, aliniita kwake kula sambusa baada ya alasiri. Nilikuta wanawake wamejaa sebuleni. Akatia komeo mlangoni, wakavua mabuibui, na ndani, dada, magauni ya kumetameta! Muziki ulipoanza, Mama Hodan huyohuyo, mwenye wajukuu, akalitikisa tumbo kama maziwa kwenye kibuyu.

Kisha akanifunga mtandio kiunoni. "Mwalimu, cheza."

"Siwezi, mama. Tangu mimba iharibike, tumbo hili hata kuligusa siligusi."

Hakunipa pole. Aliweka kiganja chake juu ya kitovu changu. "Mimi nimezika wawili. Hii tumbo si kaburi, abaayo, dada yangu. Zungusha bolebole."

Nikazungusha, vibaya kama punda aliyekwama matopeni. Wakapiga vigelegele. Nilicheka hadi machozi, na nilipojitazama, mikono yangu miwili ilikuwa imelishika tumbo langu. Sasa najua kwa nini wanaipenda ngoma hii: mle ndani hakuna wa kumpendeza, kila mmoja anajichezea mwenyewe.

Kesho narudi kwa Mama Hodan kucheza tena. Wape watoto salamu zangu, na mgongo wako uupumzishe. Mama naye mwambie binti yake amecheka.

Mdogo wako,
Naliaka