Tochi Mpya na Ng'ombe Wetu Tuiya

Mama Chepchumba,

Nimeenda Elburgon kuchukua mbao. Nitarudi kabla ya kukamua jioni. Chai iliyo kwenye chupa ni ya rangi, na sababu unaijua. Mpe Tuiya chumvi, na tafadhali msiguse tochi mpya.

Ulicheka sana asubuhi, lakini uchunguzi wangu ulikuwa sahihi. Nililinganisha maduka matatu ya mtandaoni. Moja liliuza rahisi, ila nauli ya kutoka ng'ambo ilizidi bei ya tochi yenyewe. Jingine halikueleza ukiletewa mbovu utafanyaje. Hili nililochagua lilikuwa na maoni mia nne ya wanunuzi, wote wakisifu mwanga mkali. Sikujua kwamba hakuna hata mmoja wao anayekamua ng'ombe. Nilipoiwasha zizini, Tuiya alipiga ndoo teke, akakataa kutoa maziwa, nawe ukasema, "Baba Chepchumba, sasa mwambie huyo muuzaji wako aje akamue." Mbele ya mama yangu!

~~Nitairudisha kesho.~~ Nimepiga hesabu: kuirudisha ni ghali kuliko kuinunua. Jioni tutaivalisha soksi yangu ya kahawia, ile ya kanisani, ili mwanga upungue. Usiifue, isije ikawa mbichi.

Duka limeniandikia tena likitaka niipe tochi nyota, kuanzia moja hadi tano. Nimejibu kwamba wasubiri hadi jioni. Atakayezitoa ni Tuiya.

Baba Chepchumba