Siku Radi Alipofungwa Nira

Malinya, Jumapili

Baba Ashley,

Sisi tuko, tunasukuma tu maisha. Kikohozi cha Ashley kimeisha. Mvua ilinyesha ng'ambo ya mto, kwetu tukaonyeshwa mawingu. Nyasi ziliisha, maksai mmoja akafa. Wiki mbili zilizopita ikanyesha kidogo, na udongo haungoji mtu.

Usikasirike. Nilimfunga Radi nira pamoja na maksai aliyebaki. Najua fahali wa kupigana kama yeye hakokoti plau. Wazee wa uwanja wa mapigano ya mafahali wananiangalia kama mchawi. Nilimkaribia nikingoja pembe.

Hakupigana. Aliinamisha shingo mwenyewe.

Mahindi yameota. Ukija, mpapase tu. Usimpigie isukuti, ile ngoma yake ya kwenda kupigana; ataona aibu.

Mimi wako,
Mama Ashley