Kisima Kisichokuwamo Kwenye Filamu

Jumanne, 8 Julai 1986

Uji nusu kikombe. Vidonge viwili, kile cheupe nimekitapika. Upepo tangu alfajiri. Halima kafagia mara mbili na bado sakafu inakwaruza miguu.

Nimeficha maneno ya mtu. Mwaka wa kumi na moja sasa. Ni maneno ya Guyo, askari, aliyoyasema mbele ya mahakama ya kijeshi kule kambini. Mimi nilikuwa karani na mkalimani. Kiswahili chake kilikuwa cha kupokea amri tu, akayasema kwa Kiborana, mahakama haikuyasikia. Yalifika kwangu, yakaishia kwangu. Akafungwa maisha. Alikufa gerezani, kifua, hakumaliza hata miaka mitatu.

Mama yake yuko hai. Kila asubuhi ananiletea maziwa, kibuyu kimefukizwa vizuri, yananukia moshi. Hataki malipo. Anasema mimi ndiye niliyemsemea mwanawe.

Nataka ajue kabla sijafa. Basi. Sina haja nyingine duniani. Daktari hasemi ni lini, ila ameacha kunibadilishia dawa.

Alhamisi, 10 Julai

Nur wa hoteli amekuja, salaam aleikum nyingi, akakaa kwenye ukingo wa kitanda. Ana video sasa, na televisheni. Huonyesha filamu baada ya alasiri, watu kwenye mabenchi ya chai. Ameletewa moja kutoka Nairobi, ya askari anayeshtakiwa. Hakuna ngumi, hakuna farasi, ni kusema tu mwanzo hadi mwisho. Wateja wamechoka kutazama midomo. Anataka nikae kando ya televisheni nitafsiri. Mji mzima unajua, kasema, kwamba wewe ndiwe uliyekuwa ulimi wa mahakama.

Nilitaka kukataa. Halima akasema nitachangamka. Ni binti yangu wa pekee, amezeeka kwa kunitunza na hajafika thelathini. Nikakubali kwa ajili yake.

Si kweli. Nimekubali kwa sababu nilitaka kuona.

Ijumaa, 11 Julai

Wamenibeba kwa kiti. Aibu. Watu walijaa hadi mlangoni, wauza mbuzi, wanawake wa sokoni nyuma, vijana wa mtaa wa Bula Pesa chini sakafuni.

Hadithi yenyewe: vita vya Ulaya, msitu, theluji. Askari kijana amempiga risasi mateka. Afisa wake anasema hakutoa amri. Kijana hasemi kitu. Wakili wake anamsihi, hasemi. Siku ya mwisho jaji anamuuliza kama ana neno. Kijana anainama, anamnong'oneza wakili sikioni. Haisikiki. Wakili anakaa chini bila kusema. Majaji wanaingia chumbani. Mlango unafungwa. Mlango unafunguliwa, na filamu imekwisha. Hukumu haionyeshwi.

Watu walikasirika sana. Muuza miraa mmoja alidai arudishiwe pesa yake kwa sababu mahakama imekula hukumu. Nur akawaambia wahukumu wenyewe. Wakahukumu.

Ekai, sajini mstaafu, alisema filamu yote ni ya uongo, afisa gani anapiga saluti kichwa wazi. Lakini kijana ana hatia. Muuza miraa alisema kwake yeye hiyo si mahakama. Ndugu za marehemu wako wapi? Nani amezungumza habari ya ngamia wao wa fidia? Mtu amekufa, wageni wanabishana kwa niaba yake, halafu wanaenda kula. Mwanamke mmoja nyuma akasema kijana mzuri vile hawezi kuua. Mwenzake akamwambia ndiyo maana umeolewa mara tatu. Walicheka.

Mwisho karibu wote wakamtia hatiani. Ekai ndiye aliyetoa sababu. Asiye na hatia angesema.

Walinigeukia. Alinong'ona nini, Karani? Nikajibu haisikiki. 

Jumapili, 13 Julai

Wametaka irudiwe. Wengi kuliko Ijumaa. Wanabishana sokoni tangu juzi, wengine hawakuwahi kuiona na wameshahukumu.

Nilitafsiri vizuri hadi ule mnong'ono. Picha ya kijana ilijaa kioo chote, mdomo unacheza. Nami nikasema. Sikupanga. Nilisema kwa Kiswahili, halafu nikasema kwa Kiborana kama yalivyosemwa:

"Nilimwambia afande, huyu ni mzee na yuko kisimani. Ameweka mkuki chini, anachota maji. Mtu aliye kisimani haguswi, hata kama ni adui. Akasema piga. Nikamwambia tena, yuko kisimani. Akasema piga, au utapigwa wewe. Nikapiga. Mzee alishika kamba, hakuiachia ndoo. Mkaandike hivyo."

 Hata wa miraa aliacha kutafuna. Hapa kwetu hakuna asiyejua sheria ya kisimani. Mtu mmoja alisema taratibu, basi aliyeua ni afisa. Wengine wakaitikia. Hukumu yote ikageuka hapo hapo.

Ekai peke yake alikuna kichwa. "Kisima kiko wapi, Karani? Mimi naona miti na theluji."

Muuza miraa akamjibu kiko nyuma ya miti, na kwamba sajini hata jeshini alikuwa haoni mbali. Wakacheka, wakamsahau. Mimi nilikuwa nimelowa jasho mpaka kwenye soksi.

Ilikuwa rahisi hivyo. Pumzi chache. Kwa nini haikuwa rahisi siku ile?

Jumatatu, 14 Julai

Kifua. Nimelala kutwa. Maziwa yameletwa na mtoto wa jirani. Mama Guyo hakuja. Hajawahi kukosa kuja.

Jumatano, 16 Julai

Amekuja.

Hakukaa kwenye kiti. Alikaa kwenye mkeka karibu na mlango, kibuyu mapajani. Halima alikuwa kisimani, nilifurahi kwamba hayupo. Mama Guyo alisema wanawake wamemweleza habari ya filamu. Hajui mambo ya filamu. Lakini maneno aliyajua mara moja, hadi ile ndoo. Guyo alimweleza yote alipomtembelea gerezani mara ya kwanza. Alimwambia, usilie mama, nimesema kila kitu, Karani amewaambia kwa Kiingereza chao, wamekataa tu kusikia. Na jambo hilo ndilo lililomshikilia miaka yote. Kwamba mwanawe alisema. Kwamba walisikia.

Akaniambia, "Umemkumbuka mwanangu mbele ya watu. Mungu akulipe."

Alikuja kunishukuru.

Ningeweza kuitikia amina. Ndicho nilichokuwa nikifanya kila asubuhi na kila kibuyu. Nikasema, "Mama Guyo, mimi sikuwaambia."

Hakuelewa. Nikarudia. Wale wakubwa waliotoka mbali hawakujua Kiborana. Mle ndani tuliojua tulikuwa wawili, Guyo na mimi. Alisema maneno yale yote, akanitazama, akasubiri.

"Uliwaambia nini?"

"Niliwaambia hana la kusema."

Sikumweleza lililofuata. Guyo hakujua Kiingereza. Aliponisikia nimemaliza aliniinamishia kichwa. Ahsante.

Mama Guyo alishika mkanda wa kibuyu, akaufungua, akaufunga.  Nje mbuzi wa mtu walikuwa wanakula kamba ya nguo na hakuna aliyewafukuza. Kisha akauliza kwa nini.

Nikamjibu. Nilimwambia afande yule alikuja hapa nyumbani jioni kabla ya kesi. Aliweka bastola juu ya meza. Akaniuliza binti yangu anaitwa nani, kisha akalitaja jina la Halima mwenyewe kabla sijajibu.

Aliitazama meza. Akanitazama mimi.

"Basi na wewe walikufunga," akasema.

Akainuka kwa kushika ukuta. Maziwa aliyaacha.

Ijumaa, 18 Julai

Wameionyesha mara ya mwisho, kanda inarudi Nairobi. Sikuweza kwenda, miguu imevimba. Halima alikwenda.

Ekai ndiye aliyetafsiri. Kiingereza chake ni cha gwaride, kwa hiyo alitunga yote. Wakili akawa shemeji ya jaji. Watu hawakujali. Walikuwa wanangoja mnong'ono. Kijana alipoinama, hoteli nzima ilisema kwa pamoja, yuko kisimani, haguswi. Wamekwisha kuyakariri. Wakamwachilia huru wote, hata Ekai. Nur anasema hajawahi kuwa na filamu kama hiyo.

Guyo ameachiliwa, basi. Katika hoteli ya chai, kwa uso wa Mzungu, kwa jina lisilo lake. Haimsaidii. Mifupa yake iko kwenye uwanja wa gereza na hakuna anayejua ni upande gani.

Halima alirudi na macho mekundu. Mama Guyo amewaeleza wanawake habari ya bastola. Amewaeleza kwa huruma, si kwa hasira. Wanawake wawili walikuja na Halima kunipa pole. Walisema mtu atafanya nini, mtoto ni mtoto. Halima alipiga magoti hapa kitandani akanishika mikono. Alikuwa msichana mdogo wakati ule, na hakujua kwamba baba yake alibeba mzigo kama huu kwa ajili yake. Ndivyo alivyosema. Aliibusu mikono yangu.

Nilimwacha aibusu.

Jumamosi, 19 Julai

Sikula. Halima anadhani ni ugonjwa. Kapika mchuzi wa mbuzi mwenyewe, kaupoza kwa kupuliza, kijiko kwa kijiko kama mtoto. Anaimba akifagia. Sijamsikia akiimba tangu mama yake afe.

Nimefungua mdomo mara nyingi. Alipogeuka kunisikiliza niliomba maji.

Jumanne, 22 Julai

Upepo umetulia. Maziwa yamekuja, ameleta mwenyewe. Aliniuliza nimeamkaje. Nikasema salama. Akaondoka.

Kalamu ni nzito. Nitaandika kidogo.

Mwaka ule nyumba hii haikuwa na meza.

Afande yule hakuja hapa. Alinikuta kambini, barazani, wakati wa mapumziko ya chai. Hakuwa na silaha. Alisema, "Kijana atasema mengi. Wewe fupisha." Kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi. Kisha akanimiminia chai, akaniuliza kama mvua imenyesha upande wa Garbatulla. Nikamwambia bado. Tukaingia ndani.

Hakujua kama nina mtoto. Hakunipa kitu, wala sikumwona tena baada ya siku ile. Kama ningesema maneno yote, sidhani angenifanya lolote. Guyo alipoanza kusema, yeye alikuwa ameshageuka anatazama dirishani.

Hakuna aliyenilazimisha.