Masomo mu filme za frère Eugène

Siku ya Mungu, 27 aprili 2003

Baada ya misa tulienda tena kwa frère Eugène, kiongozi wa kikundi chetu cha sala, hapa mtaani Nyakasanza, mu chumba yake ya video. Filme ya mama mumoja na muto. Maji inakula kijiji pole pole, watu wanafunga mizigo, yeye anabaki. Anapanda miti ukingoni. Wanamucheka. Mwisho muto unageuka, unapita upande mwingine.

Eugène alisimamisha kaseti pale mama anaingiza muti wa kwanza mu matope. Ni kawaida yake — anasimamisha, anatuangalia, anauliza: «Mumeona nini?» Muzee Paul akasema ameona mama mukaidi. Tukacheka. Eugène hakucheka. Alisema mwenye kukimbia, woga wake unatangulia kufika. Atakuta umeshakaa, unamungoja.

Naandika nisisahau. Maneno ya padiri ni mazuri lakini yanabaki kanisani. Ya Eugène yananifuata mpaka jikoni. Muchumba wangu Yves aliponiacha akaenda kuoa Kampala, nilishinda kitandani kama mugonjwa. Eugène alikuja mwenyewe kuniita. Alinikalisha mbele ya télé, filme ya mujane anayefungua duka la mikate. «Estelle, angalia huyu. Kilio chake kilikuwa na mwisho.» Changu pia kikapata mwisho. Hilo siwezi kukana.

Aimé hakuja. Mudogo wangu anasema wale watu wa mu filme wanalipwa ili walie.

Siku ya ine, 1 mai

Askari wa Uganda wanapakia vitu mu magari. Sokoni hakuna habari nyingine: wakitoka, wanamgambo wa kabila gani wataingia? Kila mutu ana jibu lake, hakuna anayelisema.

Mchana Kavira alikuja, jirani yetu anayeuza samaki ya chumvi ya Tchomia. Anarudi kwao Beni siku ya Mungu, na camion ya shemeji yake. Hakukaa hata kwenye kiti.

«Iko nafasi moja tu. Munipe Aimé. Siye bamama pengine batatuacha. Bijana njo banatafutwa.»

Mama akaangalia mikono yake. Nilimuona Aimé — macho yake yalikuwa yameshapanda camion.

Nikasema naenda kuuliza kwanza.

«Unauliza nani?» Kavira akasema. «Weye njo dada yake.»

Siku ya tano, 2 mai

Nimetoka kwa Eugène. Alinisikiliza vizuri, kichwa pembeni, kama siku zote. Akataka kujua camion ni ya nani, inaondokea wapi, kama dereva ni mutu wa kuaminika. Nilimueleza yote. Kisha akawasha groupe, ile mashine ya umeme, kwa ajili yangu peke yangu, akaweka kaseti, pale pa mama na miti.

«Ukimutoa Aimé, umemufundisha nini? Mama yenu iko na mwanaume mumoja tu mu nyumba. Mimi niko hapa, Estelle. Sitoki. Nabaki na miti yangu.»

Tuliomba. Nilitoka mwepesi, kama mutu aliyetua bidon ya maji.

Aimé alikuwa ameshapanga shati zake mu mufuko. Nikamueleza filme, mwanzo mpaka mwisho. Alisikiliza, kisha akauliza: «Ni weye unasema, ao ni Eugène?»

Nikasema ni mimi.

«Basi nabaki.» Akatoa shati, akazitundika tena kwenye musumari.

Siku ya Mungu, 4 mai

Kavira ameondoka. Alikuja mpaka kwenye ua kuaga. Mama alimupa karanga za njia. Mimi nilibaki ndani.

Leo hakuna filme. Kwa Eugène kufuli. Labda ameenda kuombea watu. Bibi yake Mireille na watoto wao pia hatujawaona tangu kabla ya Pasaka — wako kwa wazazi wa Mireille kando ya ziwa, ndivyo Eugène alivyosema.

Siku ya pili, 6 mai

Waganda wametoka. Barabara tupu, hata mbuzi hakuna. Kisha risasi, upande wa juu.

Siku ya posho, 10 mai

Chini ya kitanda, siye watatu. Mama anasali rozari bila sauti. Najiambia: mama wa mutoni, mama wa mutoni. Kuna saa inanisaidia.

Maji imeisha.

Siku ya kwanza, 12 mai

Aimé alienda kisimani asubuhi, risasi ilikuwa imetulia. Nilisema niende mimi. Alisema bamama banabeba polepole.

Wanamgambo walimukuta njiani. Muzee Paul aliona toka mu mihogo yake. Walimuuliza jina lake, na jina la baba yake, na baba wa baba yake.

Tumemuzika nyuma ya jiko, mu kitenge cha Mama.

Siku ya posho, 24 mai

Tuko mu kambi, karibu na uwanja wa ndege. Bashi moja ya plastiki, familia tatu. Mvua inaingia chini.

Sikutaka kuandika tena. Lakini leo mbele ya bomba nilikutana na Camille, aliyekuwa anakaa uso kwa uso na nyumba ya Kavira. Tulisalimiana, tulihesabiana wafu. Halafu akasema: angalau frère Eugène alipona.

Nikauliza, alipona namna gani?

Camille alisaidia kupakia camion. Eugène alifika mapema, na valize na télé imefungwa mu blanketi. Alimuambia Kavira kwamba Aimé haendi, kwamba sisi tulimupa yeye ile nafasi. Kavira alitaka kuja kutuuliza. Eugène akasema dada yake amelala, musimusumbue. Kavira alikuja kuaga hata hivyo, akitaka kuniona mimi — na mimi nilikuwa ndani, nimejificha kwa haya.

Na Mireille na watoto? Camille alinishangaa. Wale walivuka ziwa zamani kwenda Uganda, alisema, baba yao mwenyewe aliwasindikiza mpaka bandarini Tchomia.

Sikulia. Nilijaza bidon, nikarudi. Mama aliuliza mbona maji inamwagika. Nilikuwa nimesahau kuifunga.

Nimejaribu kukumbuka uso wake, ile siku alipouliza camion inaondokea wapi. Ulikuwa uso mwema. Hicho ndicho kinaninyima usingizi. Kama angesema: Estelle, naogopa, nipe ile nafasi — pengine bado ningemunyima, lakini leo ningemuelewa. Yeye alichukua woga wake akaondoka nao, akaniachia somo.

Mama sijamuambia. Nitamuambia nini, kwamba mutoto wake aliuzwa kwa filme?

Siku ya Mungu, 22 juin

Askari Wafaransa wanazunguka mu mji na magari yao, kwa hiyo watu wanarudi. Eugène amerudi.

Alikuja mpaka kwenye bashi yetu, shati safi, uso umenona. Mama alimuona wa kwanza. Alimushika mikono miwili.

«Frère, mutoto yangu alibaki sababu ya maneno yako. Alikufa mwanaume, si ndiyo? Umuambie Estelle. Hasemi tena na batu.»

Eugène aliniangalia. Nilimuangalia. Alijua kwamba najua.

«Ndiyo, Mama,» akasema. «Mwanaume kamili.»

Kisha akasema ameleta kaseti mupya toka Beni. Ya mama mumoja aliyesamehe. Itasaidia kambi nzima, na mimi nitamukusanyia watu, sawa na zamani. Mama alikubali kwa ajili yangu. Machozi yalikuwa yanamutoka, lakini kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa tano alikuwa anacheka kidogo. Nilifungua kinywa. Nikaona ule uso wa Mama, nikakifunga.

Sasa Mama anataka Eugène aombe kwenye kaburi la Aimé. Yeye miguu imevimba, hawezi kufika. Amesema Estelle atamupeleka mpaka nyuma ya jiko. Eugène alisema labda siku nyingine, njia haijawa salama. Mama akasema iko salama, Bafaransa banapita pale kila saa.

Nimeingia ndani kutafuta kitambaa cha kichwa. Hapa ndipo ninapoandika. Namuona toka hapa, amesimama kwenye mwanga, kofia mukononi. Haingii. Haendi.

Tutakuwa siye wawili tu, njia yote, na Mama hatasikia.

Mama ameniita mara ya pili.