Klipu Iliyoruka

Jumatatu, 10 Agosti

Nimeosha pikipiki ya Daktari Neema kwanza. Dizeli na brashi, kisha sabuni, mpaka injini ikang'aa. Ndipo nikagusa boliti. Mafundi wengine hapa Sombetini wanaona napoteza muda. Waone. Tope la nje likidondokea ndani, kazi yote bure.

Moshi wa bluu, nguvu hakuna. Kichujio cha hewa kimetoboka na vumbi limekula silinda kama msasa. Neema ni daktari wa mifugo, anapanda vijiji vya juu ya Tengeru kila siku. Jumamosi ana chanjo ya ng'ombe huko, wafugaji wameshaambiwa. Nimemwahidi Ijumaa jioni. Naiweza.

Jumanne, 11 Agosti

Silinda imeenda mjini kuchongwa. Tumbo la injini, chini ya silinda, liko wazi. Nimeliziba kwa kitambaa cha pamba kisichotoa nyuzi, juu yake nailoni, nikafunga kwa mpira wa tyubu. Upepo mchana kutwa, vumbi kila mahali. Ndani halikuingia. Siku nzuri.

Jumatano, 12 Agosti

Mzee Laizer, fundi wa kuchomelea hapo jirani, ameanza geti kubwa. Grinda ya kukatia chuma tangu saa mbili asubuhi. Cheche zinavuka mabati. Nimepitisha sumaku juu ya nailoni, imetoka na ndevu za chuma. Hasira.

Nikaenda. Nikamwamkia, akaitikia vizuri. Nikamwomba aelekeze grinda upande wa barabara. Akasema, "Mama, wewe ulinikuta hapa. Na hili geti lina mwenyewe." Akavaa miwani, akaendelea.

Ni kweli nilimkuta. Bado nimeudhika. Nimeshusha injini kutoka kwenye fremu ya pikipiki, nimeihamishia stoo, nikatundika khanga mbichi mlangoni. Kufika jioni khanga imekuwa nyeusi. Injini safi.

Alhamisi, 13 Agosti

Silinda imerudi, imechongwa vizuri. Pistoni mpya. Nilitoa kitambaa nikague ndani kwa tochi. Simu ikaita. Niliporudi nikaanza kufunga klipu, kijiwaya kinachozuia pini ya pistoni isichomoke. Kitambaa sikukirudisha. Klipu ikaruka. Sikuisikia ikianguka.

Nimepekua sakafu, aproni, nywele. Nimeingiza sumaku kwa waya, inanata kwenye kranki tu, mhimili wa chuma ulio ndani, hainiambii kitu. Saa mbili nzima. Hakuna.

Kosa langu. Si la upepo, si la Mzee Laizer.

Klipu nyingine ninazo. Ningeweza kufunga na hakuna ambaye angejua. Ila kama imo, injini itakwama huko mlimani, Neema akiwa peke yake na sanduku la chanjo. Nimempigia. "Daktari, nimepoteza kipande, huenda kimo ndani. Kesho natenganisha injini yote."

Akasema, "Dada Zuhura, nisipofika Jumamosi wanahamisha ng'ombe malishoni. Utamaliza?"

Nimesema nitamaliza. Naamini hivyo.

Ijumaa, 14 Agosti

Nimeanza saa kumi na mbili asubuhi. Mzee Laizer alipofika alichungulia stoo, akakuta injini vipande viwili juu ya shuka nyeupe.

"Imeharibika?"

"Natafuta klipu, mzee. Nilikosea jana."

Akaenda kukaa kwenye benchi lake. Grinda haikuwaka mpaka saa nane mchana, nilipomwambia nimeshafunga.

Klipu ilikuwemo. Imelala chini ya kranki, pembeni kabisa, ndogo kuliko ukucha. Nimeitoa, nikaitia mfukoni mwa aproni.

Kisha kazi. Nimeosha kila kipande kwa petroli, gasketi mpya, oili mpya. Safari hii kitambaa kimekaa mahali pake mpaka klipu zote mbili zilipoingia. Saa kumi na moja jioni injini imewaka kwa teke la pili. Moshi hakuna. Sauti tulivu.

Nimempelekea Mzee Laizer chai. Tumeongea habari za geti.

Neema ameichukua kabla ya magharibi. Nimemwonyesha klipu. Nimemwambia apande polepole, pistoni bado mpya. Ameondoka akipunga mkono.

Jumapili, 16 Agosti

Neema amepiga asubuhi. Jana alimaliza boma la mwisho alasiri, akashuka salama. Ameangalia oili, haijapungua. Mengi aliyosema yalikuwa ya ng'ombe, kuna mmoja alimkanyaga mguu. Tumecheka.

Sikufungua gereji. Nimefua, nimesukwa nywele kwa jirani, mchana nimelala. Nilipoamka Meru ilikuwa wazi mpaka kileleni. Nimekaa kibarazani naitazama.